MIRATHI: JE, NI LAZIMA KUWEKA WAKILI?



Baada ya mazishi, watu wakishatawanyika na hema limerudishwa, swali moja hubaki nyumbani. Tunaulizwa swali hilo ofisini kwetu karibu kila wiki: "Mzee ametuacha. Kuna shamba, na kuna pesa kidogo benki. Sasa tutafute wakili, ama twende kortini wenyewe?"

Wengine wanaokuja wameambiwa na jirani ati bila wakili korti haiwezi kukusikiliza. Wengine wameambiwa kwamba ukimpa wakili kesi ya mirathi, atakula shamba lote na kukuachia mpaka. Maneno hayo yote mawili si kweli. Sheria ya Kenya inamruhusu mtu kwenda kortini mwenyewe kuomba kusimamia mali ya marehemu wake. Pia ni kweli kwamba kuna familia ambazo zikienda bila wakili zitaumia. Kazi yetu katika somo hili ni kuwasaidia kujua ninyi mko upande gani.

Tunaomba mlisome pamoja, katika jumuiya, chama cha akina mama au kikundi cha vijana. Mwisho kuna mifano na maswali ya kujadiliana.

KWA NINI TUSIKAE TU?

Familia nyingi huamua kukaa. Kila mtu analima pale alipooneshwa na mzee, na cheti cha shamba kiko ndani ya sanduku kwa jina la marehemu. Mambo yanaonekana sawa. Shida huja baadaye. Kijana anataka mkopo, benki inakataa sababu jina lililo kwenye cheti si lake. Barabara inapita, fidia inatoka, na hakuna wa kuipokea. Ndugu mmoja anafariki, watoto wake wanafukuzwa na ami yao, nao hawana karatasi yoyote ya kuonesha. Pesa zilizolala benki bila mtu kuzigusa, baada ya miaka, hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali ya Fedha Isiyodaiwa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, na hata huko mtadaiwa karatasi za korti.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali ya marehemu ni karatasi ya korti.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kinakataza mtu yeyote kuuza, kugawa au kutumia mali ya marehemu kama yake kabla ya kupewa ruhusa na korti. Anayevunja sheria hiyo anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 10,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Kisha atatakiwa kurudisha alichochukua. Kwa hiyo yule shemeji anayekuja siku ya tatu baada ya mazishi kuchukua gari na ng'ombe, hata akisema ni desturi, anacheza na jela.

SAFARI YENYEWE IKOJE?

Huwezi kuamua kama unahitaji dereva kabla ya kujua barabara. Hebu tuipitie safari ya mirathi ambapo marehemu hakuacha wosia, kwa kuwa ndiyo hali ya familia nyingi tunazozitembelea.

1. Cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi. Cheti hutolewa na ofisi ya usajili wa vizazi na vifo. Kama mtu alifia nyumbani, mwanzo wake ni kwa naibu wa chifu.

2. Barua ya chifu. Nendeni familia nzima kwa chifu wa mahali marehemu alipokuwa akiishi. Chifu ataandika majina ya wote waliobaki: mke au wake, watoto wote wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, wakubwa na wadogo. Barua hii ni msingi wa nyumba. Ikiwa na uongo, nyumba yote itaanguka baadaye.

3. Orodha ya mali na madeni. Andikeni kila kitu. Kwa shamba, chukueni nakala ya cheti na mfanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ili mjue jina lililoko pale na kama kuna deni la benki. Kwa gari, kitabu cha gari. Kwa benki, taarifa ya akaunti. Madeni nayo msiyafiche.

4. Fomu za korti. Mtu mmoja au zaidi, lakini si zaidi ya wanne, huomba kuwa wasimamizi. Mke au mume aliyebaki ndiye hufikiriwa kwanza. Kama kuna mtoto aliye chini ya miaka 18, wasimamizi wasiwe pungufu ya wawili. Kuna fomu ya ombi, hati ya kiapo, fomu ya wadhamini wawili, na fomu ya warithi wengine kuonesha kwamba wamekubali. Hati za kiapo hutiwa sahihi mbele ya kamishna wa viapo au hakimu. Siku hizi fomu huingizwa kwa njia ya kompyuta; mpango huo ulianza Nairobi mwaka 2020 na mwaka 2024 ukapelekwa nchi nzima. Asiyejua kompyuta aulize kwenye masjala ya korti.

5. Tangazo. Ombi lenu hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Watu hupewa muda usiopungua siku 30 kuleta pingamizi.

6. Granti. Kama hakuna pingamizi, korti hutoa barua ya usimamizi, ambayo watu wengi huiita granti. Sikilizeni vizuri hapa: granti hii ya kwanza haiwaruhusu kuuza shamba wala kugawa mali. Inawaruhusu kukusanya, kulinda na kulipa madeni.

7. Kuthibitisha granti. Baada ya miezi sita mnarudi kortini na mpango wa kugawa, unaoonesha kila mrithi na fungu lake. Korti haiwezi kuthibitisha mpaka iridhike kwamba inawajua warithi wote. Kuna sababu zinazoweza kuifanya korti ikubali mapema, lakini msizitegemee. Na msilale pia: mwaka ukipita tangu granti itolewe bila ninyi kuomba uthibitisho, mtu anaweza kuomba granti ifutwe.

8. Kugawa. Mkiwa na hati ya uthibitisho, mnaenda ofisi ya ardhi, benki na kwingineko kubadilisha majina. Shamba likikatwa vipande vyenye vyeti tofauti, mtahitaji sorovea na kibali cha Bodi ya Ardhi. Sheria inataka kazi hii iishe ndani ya miezi sita baada ya uthibitisho.

Hiyo ndiyo barabara. Ni ndefu, lakini haina mlima ambao mtu wa kawaida mwenye subira hawezi kuupanda, mradi familia inasikizana.

NI KORTI GANI?

Zamani kesi nyingi za mirathi zilipelekwa Mahakama Kuu, na watu wakawa wanasafiri mbali. Tangu Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015, korti ya hakimu iliyo karibu na mahali alipoishi marehemu inaweza kusikiliza mirathi kulingana na thamani ya mali. Hakimu mkazi anaweza mali ya hadi shilingi milioni 5, hakimu mkazi mwandamizi milioni 7, hakimu mkuu wa kawaida milioni 10, aliye juu yake milioni 15, na hakimu mkuu wa kituo milioni 20. Mali ikizidi hapo, ni Mahakama Kuu. Ndugu zetu Waislamu wanaweza kupeleka mirathi yao kwa Kadhi.

NANI ANAPATA NINI?

Tusiseme mengi hapa, lakini bila kujua haki zenu hamwezi kujua kama mnaelewana kwa kweli au mmoja ananyamaza kwa woga.

Ikiwa marehemu ameacha mke mmoja na watoto, mke anapata vyombo na vitu vya nyumbani kuwa vyake. Mali iliyobaki anaitumia katika maisha yake, lakini si ya kuuza apendavyo, kwa sababu mwisho wake ni ya watoto wote sawasawa. Sheria haisemi wavulana. Inasema watoto.

Ikiwa mzee alikuwa na wake zaidi ya mmoja, mali hugawanywa kwanza kwa nyumba, kwa kuhesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mama aliye hai kama kichwa kimoja. Tuseme nyumba ya kwanza ina mama na watoto watano, hao ni sita. Nyumba ya pili ina mama na watoto watatu, hao ni wanne. Jumla ni kumi. Shamba likiwa ekari 10, nyumba ya kwanza ni 6 na ya pili ni 4. Hesabu hii ndiyo mahali pa kuanzia. Korti inaweza kuangalia na mambo mengine ya haki.

Kuhusu mabinti, Mahakama ya Rufani ilisema wazi mwaka 2005, katika kesi ya Rono iliyotoka Eldoret, kwamba binti hawezi kupunguziwa fungu kwa sababu ati ataolewa. Hata hivyo, kuna wilaya za zamani 12 ambako sheria iliacha ardhi ya kilimo na mifugo ifuate desturi: Pokot Magharibi, Turkana, Marsabit, Samburu, Isiolo, Mandera, Wajir, Garissa, Tana River, Lamu, Kajiado na Narok. Kama shamba lenu liko huko, ulizeni ushauri wa sheria kabla ya kujaza fomu, maana Katiba ya mwaka 2010 nayo inakataza ubaguzi kati ya mwanamume na mwanamke.

MNAWEZA KWENDA WENYEWE KAMA...

Tumeona familia nyingi zikimaliza mirathi bila wakili. Zilikuwa na mambo haya:

- Warithi wote wanajulikana, wako hai, ni watu wazima, na wamekaa pamoja wakakubaliana. Tunaposema kukubaliana tunamaanisha kila mmoja yuko tayari kutia sahihi mwenyewe mbele ya wengine, na kuja kortini akiitwa.

- Mali ni chache na ziko wazi: shamba moja au mawili yenye cheti kwa jina la marehemu, akaunti, pikipiki au gari.

- Majina yanalingana. Kama kitambulisho kinasema jina moja na cheti cha shamba kinasema jingine, mtahitaji kiapo cha kueleza kwamba ni mtu mmoja. Jambo hili dogo hukwamisha watu miezi.

- Hakuna kesi nyingine, hakuna deni kubwa, hakuna mtu wa nje anayesema aliuziwa kipande.

- Kuna mtu mmoja katika familia ambaye anajua kusoma na kuandika vizuri, ana subira, na anaweza kuacha kazi yake siku kadhaa kwenda mjini. Msidharau sharti hili. Nauli ya safari kumi na siku kumi za kibarua zilizopotea ni pesa pia. Zihesabuni kabla ya kusema kwenda wenyewe ni bure.

Kumbukeni pia kwamba kuna mali ambazo hazihitaji safari hii. Shamba au akaunti iliyoandikwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja, ili anayebaki achukue, humwendea aliyebaki. Hisa za chama cha ushirika huenda kwa yule ambaye mwanachama alimwandikisha. Pensheni nayo huwa na utaratibu wake kulingana na majina yaliyoandikishwa. Ulizeni huko kwanza. Kuna wajane waliotaka kuweka wakili kwa ajili ya hisa za ushirika, kumbe jina lao liko tayari kwenye kitabu.

TAFUTENI WAKILI KAMA...

Kuna hali ambazo tunawaambia watu waziwazi: hapa msiende peke yenu.

- Kuna ugomvi. Ndugu mmoja amekataa kutia sahihi, au kuna nyumba ya pili ambayo nyumba ya kwanza haitaki kuitambua, au ametokea mtoto ambaye mzee alimzaa nje. Mtoto ambaye baba alimkubali kuwa wake ni mtoto mbele ya sheria.

- Mtu amekwisha kwenda kortini kisirisiri bila kuwataja. Kama siku 30 za tangazo hazijaisha, kuna nafasi ya kuweka pingamizi. Kama granti imeshatoka, korti inaweza kuifuta ikiwa ilipatikana kwa uongo au kwa kuficha jambo. Hii ni kazi ya wakili, na siku zina thamani. Hapohapo ulizeni pia kuhusu kuweka kizuizi kwenye ofisi ya ardhi ili shamba lisiuzwe.

- Kuna wosia na mtu anasema si wa kweli, au kuna mtegemezi aliyeachwa nje ya wosia.

- Marehemu alikuwa na kampuni, biashara na wenzake, mkopo mkubwa, au mali nchi nyingine.

- Marehemu aliuawa na gari au kazini, na mnataka kudai fidia. Hapa kuna granti maalum ya kuendesha kesi, na kampuni ya bima itakuja na wakili wake. Msiende mikono mitupu.

- Shamba liko kwa jina la babu, na baba naye amefariki. Hizi ni mirathi mbili au tatu zilizopandana. Tena kama babu alifariki kabla ya tarehe 1 Julai 1981, siku Sheria ya Mirathi ilipoanza kazi, ugawaji wa mali yake hufuata sheria na desturi zilizokuwako alipofariki, ingawa usimamizi hufuata sheria ya sasa. Mambo haya yanataka mtu aliyesoma.

Lakini msidhani wakili anaweza kuleta amani mahali ambapo hakuna. Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Rais Jomo Kenyatta, alifariki mwaka 1981. Kesi ya mirathi yake ilikaa mahakamani zaidi ya miaka 30, na mawakili hawakukosekana. Wahenga walituambia ndugu wakigombana tuchukue jembe tukalime, lakini mahali ambapo ugomvi ni wa shamba lenyewe, hata la kulima halipo.

NJIA ZA KATIKATI

Watu wengi hufikiri ni mambo mawili tu: wakili wa kila kitu, au hakuna wakili kabisa. Kuna njia nyingine.

Kwanza, mnaweza kulipa wakili kwa ushauri wa saa moja, au kukagua fomu zenu kabla ya kuzipeleka. Mnafanya safari wenyewe, yeye anawaonesha mashimo.

Pili, kuna msaada wa sheria kwa wasio na uwezo. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka 1973, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanza mwaka 1985, wamesaidia wajane na maskini wengi. Ofisi za Haki na Amani za majimbo pia huweza kuwaelekeza.

Tatu, kuna Mdhamini wa Umma, aliye chini ya Mwanasheria Mkuu. Ofisi yake inaweza kusimamia mali, hasa ndogo, au pale ambapo familia haiaminiani na hakuna anayekubalika. Hutoza ada yake, nayo huwa na utaratibu wa serikali, kwa hiyo jiandaeni kufuatilia.

Nne, kuna usuluhishi. Tangu mwaka 2016 korti zilianza kupeleka baadhi ya kesi za kifamilia kwa wasuluhishi, wakae na watu mezani kabla ya hakimu kuamua. Hata kabla ya korti, wazee wa ukoo na viongozi wa jumuiya wanaweza kuwakalisha. Mkikubaliana, andikeni. Karatasi yenye sahihi za wote itawasaidia siku ya uthibitisho, maana maneno ya mdomo husahaulika mavuno yakifika.

MKIAMUA KUWEKA WAKILI

Basi mmeamua. Fanyeni hivi:

Hakikisheni ni wakili kweli. Kila wakili hupewa cheti cha kufanya kazi kila mwaka, na Chama cha Wanasheria cha Kenya kina orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuiangalia. Ofisi nzuri na tai si ushahidi.

Ulizeni bei kabla. Serikali imeweka kiwango cha malipo ya mawakili, na kwa mirathi hutegemea thamani ya mali. Ulizeni: je, bei hii ni mpaka granti ya kwanza tu, ama ni mpaka uthibitisho, ama ni mpaka vyeti vya shamba vitoke? Ada za korti, tangazo na sorovea ziko ndani au ziko nje? Majibu yaandikwe. Familia nyingi hulipa zikidhani zimemaliza, kumbe zimelipia nusu ya barabara.

Msitie sahihi mkataba wa kumpa wakili kipande cha shamba kama malipo ya kushinda. Sheria ya Mawakili haikubali mapatano ya wakili kulipwa akishinda peke yake.

Jueni wakili ni wa nani. Wakili aliyewekwa na kaka mkubwa ni wakili wa kaka mkubwa. Kama mambo yenu na yake yanatofautiana, tafuteni wenu.

Jueni nani analipa. Kifungu cha 83 kinasema gharama za kupata granti na gharama nyingine za haki za usimamizi hulipwa kutoka mali ya marehemu, kama vile gharama za mazishi. Kwa hiyo mjane asibebeshwe mzigo wote mfukoni mwake na wengine waje siku ya kugawa. Mwenye kutoa pesa aweke risiti, ahesabiwe kabla ya mafungu.

Wekeni nakala. Msiache cheti halisi cha shamba bila barua ya kukipokea. Wakili akiwatendea vibaya, kuna Tume ya Malalamiko Dhidi ya Mawakili ya kupeleka shauri.

JIHADHARINI NA MABROKA

Nje ya kila korti na ofisi ya ardhi kuna kijana mwenye faili anayesema, "Mama, nipe elfu chache, nitakumalizia." Huyu si wakili, na si karani wa korti. Sheria hairuhusu mtu asiye wakili kuandika hati hizi kwa malipo. Akiandika uongo kwenye kiapo, sahihi ni yako wewe, naye hutamwona tena.

Broka mwingine ni yule anayeleta mnunuzi wa shamba mapema. Sheria inasema shamba la marehemu lisiuzwe kabla ya granti kuthibitishwa. Pesa ya haraka ya namna hiyo imewaacha watoto bila kwao.

MIFANO YA KUJADILIANA

Familia ya kwanza. Mama na watoto wake wanne, wote watu wazima. Shamba moja la ekari 2 lenye cheti kwa jina la baba, na akaunti moja benki. Wote wamekubaliana mama aendelee kulitumia, na baada yake ligawanywe sawa. Binti wa pili ni karani wa shule. Sisi tunaona hawa wanaweza kwenda wenyewe, pengine wakaguliwe fomu na wakili mara moja. Ninyi mwaonaje?

Familia ya pili. Mzee alikuwa na nyumba mbili. Kijana mkubwa wa nyumba ya kwanza amepata barua ya chifu yenye majina ya nyumba moja tu. Mama wa pili ana watoto watatu wadogo, na amesikia tangazo limetoka wiki iliyopita. Afanye nini wiki hii, asingoje mwezi ujao? Aende na karatasi gani? Ni nani katika jumuiya atamsindikiza?

Familia ya tatu. Shamba la ekari 12 kwa jina la babu aliyefariki mwaka 1979. Alikuwa na wana wanne, wawili wamefariki na kuacha wajane. Kila mtu ana mpaka wake na hakuna ugomvi bado. Je, waanze wapi? Mkijibu, kumbukeni kwamba wazee wanaoijua mipaka hawatakuwako siku zote, na shahidi akizikwa, anazikwa na ushahidi wake.

MASWALI KWA KIKUNDI

1. Katika kijiji chenu, ni mashamba mangapi bado yako kwa majina ya waliofariki? Ni kwa sababu gani?

2. Mjane au binti akinyamaza katika mkutano wa familia, tutajuaje kama amekubali au ameogopa?

3. Ni nani kati yetu anaweza kuwasaidia wengine kusoma fomu na kuwasindikiza kortini, bila kudai chochote?

4. Wangapi kati yetu tumeandika wosia? Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili wanaoona sahihi ikitiwa, na ni vizuri wasiwe watu wanaorithi chochote.

Tukirudi kwenye swali la mwanzo, jibu letu ni hili. Kabla ya kuuliza kama mnahitaji wakili, ulizaneni kama mnaelewana, kama karatasi ziko sawa, na kama kuna mtu wa kwenda na kurudi. Majibu yote yakiwa ndiyo, barabara ya korti iko wazi kwenu. Moja likiwa hapana, tafuteni msaada mapema, wakati kesi bado ni ndogo na shamba bado ni lenu. Walio na swali waje ofisini wakiwa na cheti cha kifo na barua ya chifu, tuangalie pamoja.